Shikamoo Mjini Seoul

Ukikutana na Mkorea kwa mara ya kwanza, chai haijapoa atakuwa ameshakuuliza una miaka mingapi. Kwetu Dar swali hilo mtu mzima huulizwa hospitali, polisi, au na mama mkwe mtarajiwa. Kule si udaku. Jamaa anataka kujua akuongeleshe vipi, maana asipoujua umri wako ulimi wake unakwama. Kitenzi cha Kikorea kina mikia mingi: mkia wa kumwambia mkubwa, wa mtu usiyemzoea, wa rika lako, wa mtoto. Vingine hubadilika vizima vizima. Neno la kula analoambiwa rafiki yako silo analoambiwa babu yako, hata kama wote wawili wamekaa meza moja na wanakula wali uleule. Ukikosea hapo, hawasemi hujui sarufi. Wanasema hukulelewa.

Na hesabu yenyewe ya umri ni kioja. Kwa mila yao mtoto alikuwa anazaliwa na mwaka mmoja tayari, halafu ukifika mwaka mpya wote wanaongeza mmoja kwa pamoja. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba, kesho yake ana miaka miwili na kitovu hakijakauka! Juni 2023 ikaanza kutumika sheria inayotaka hesabu ya siku ya kuzaliwa katika mambo rasmi, na nchi nzima ikapungua umri kwa usiku mmoja. Lakini sheria ni ya makaratasi. Vijana niliokutana nao bado walikuwa wanaulizana mwaka wa kuzaliwa, wanapiga hesabu ya vidole, kisha ndiyo maongezi yanaanza.

Nilifika huko katikati ya Oktoba, kwa wiki mbili, kumtembelea mshikaji wangu wa tangu sekondari anayesomea uhandisi. Kijiweni kwetu waliniaga kwa vicheko: "Wewe nenda, utalishwa mbwa." Basi niwatoe wasiwasi. Wengi wa vijana kule hawajawahi hata kuionja nyama hiyo, na Januari 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kuikomesha biashara yake ifikapo 2027. Mengine tuliyokuwa tunayajua juu ya Wakorea tuliyatoa kwenye tamthilia, zile ambazo madijei wetu wanazifasiri kwa Kiswahili mpaka mfalme anaongea kama mtu wa Manzese. Na tunajua kwamba treni za umeme zinazokwenda Dodoma zimeundwa na Wakorea. Zaidi ya hapo, tupu.

Niseme pia mzigo niliosafiri nao. Nilikuwa na mswada wa riwaya, kurasa arobaini, kwa Kiswahili. Mhariri mmoja aliyeusoma aliniambia kwa upole kabisa, "Hii ungeiandika Kiingereza ungefika mbali." Maneno hayo yaliniganda kichwani kama ulimbo. Ndani ya begi mlikuwa na daftari jipya, na nilikuwa nimeazimia kuianza upya riwaya yangu kwa lugha ya kufikia mbali. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ujue ni kwa nini niliyoyaona Seoul yalinigusa upande ule zaidi ya mwingine.

Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon unachukua treni hadi Stesheni ya Seoul. Kitu cha kwanza kilichonipokea humo ni ukimya. Behewa limejaa pomoni, watu bega kwa bega, na hakuna anayepiga kelele. Hakuna konda, hakuna redio, hakuna mama anayesimulia talaka ya jirani yake. Kwa mtu aliyezoea daladala ya Mbagala ilikuwa kama kuingia msikitini. Pembeni mwa kila behewa kuna viti vya wazee. Watu wamesimama, miguu inauma, na viti vile viko wazi vitatu. Hakuna kijana aliyethubutu. Mshikaji wangu aliniambia, "Hapo hata ukiwa unaumwa, jifikirie mara mbili."

Na kwenye milango ya vioo inayozuia watu wasidondoke relini, wameandika mashairi. Ndugu zangu, mashairi! Sehemu ambayo kwetu pangebandikwa tangazo la mganga kutoka mbali anayerudisha mpenzi, pale pana shairi fupi la mtu, na baadhi ni ya raia wa kawaida waliopeleka tungo zao zikachaguliwa. Watu wanasubiri treni huku wanasoma. Si wote, wengi wanasoma simu, lakini shairi liko pale, halimdai mtu nauli.

Mezani nako kuna darasa lake. Kitu hutolewa kwa mikono miwili, na hupokelewa kwa mikono miwili. Au mkono wa kulia unatoa na wa kushoto umeshika kiwiko. Hilo halikunipa taabu hata kidogo, bibi yangu alinifundisha hivyohivyo kabla sijaanza shule. Mkubwa ndiye anayeanza kushika kijiko. Ukimiminiwa kinywaji na mkubwa unageuza uso pembeni ndipo unywe. Halafu vinakuja visahani: kimchi, maharage machanga yaliyochipua, figili, mchicha wa kwao, dagaa waliokaangwa na sukari. Unaagiza chakula kimoja unaletewa visahani sita, na vikiisha unaongezewa bila malipo. Mama ntilie wetu wangefunga biashara kwa wiki moja.

Lakini lililonifanya nitabasamu ni wanavyomwita yule mama anayepika. Wanamwita "imo". Nikauliza maana yake. Kumbe ni dada wa mama, yaani mama mdogo! Basi mtu mzima na tai yake shingoni anapaza sauti, "Mama mdogo, ongeza kimchi!" na mama mdogo ambaye si ndugu yake wa karibu wala wa mbali anakuja na bakuli. Halafu Mkorea hasemi "mama yangu", husema "mama yetu", hata kama kwao alizaliwa peke yake. Husema nyumba yetu, nchi yetu. Nikajisikia nyumbani. Nilisafiri usiku kucha juu ya mawingu nikakuta watu wanaowaita wasio ndugu zao kwa majina ya ukoo, kama sisi.

Sasa isije ikaonekana nimerudi nimelewa sifa za watu. Asubuhi moja, saa kumi na mbili na baridi yake, nilimwona bibi kizee mgongo umepinda kabisa anasukuma mkokoteni uliojaa maboksi. Nikadhani ni kisa cha siku moja. Kesho yake nikamwona mwingine, na babu mmoja upande wa pili wa barabara. Wanaokota maboksi wanakwenda kuyauza kwa kilo. Kwa hesabu za OECD, karibu wazee wanne katika kila kumi nchini mle wanaishi katika umaskini, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine tajiri. Walikijenga kile kinachoitwa muujiza baada ya vita vya 1950 hadi 1953, na pensheni ya taifa ilipoanza mwaka 1988 wengi wao walikuwa wameshapitwa. Kijana akimwongelesha bibi yule atatumia mkia wa heshima wa kitenzi, bila kukosea. Kisha atapanda basi, na bibi atabaki na mkokoteni. Nikakumbuka wazee wetu tunaowapa shikamoo nzito halafu tunawaacha foleni ya dawa tangu alfajiri. Lugha inaweza kuinama hadi chini na mfuko usiiname.

Katikati ya mji kuna uwanja mpana unaoitwa Gwanghwamun. Pale ameketi Mfalme Sejong, sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, mkononi ana kitabu. Nchi nyingi huwaweka uwanjani majemadari juu ya farasi. Wakorea nao wana jemadari wao, Admirali Yi Sun-sin, amesimama mbele kidogo. Lakini aliyekaa kama mwenye nyumba ni yule wa kitabu.

Kisa chake ni hiki. Zamani Wakorea walikuwa wanaandika kwa herufi za Kichina, ambazo ni maelfu na ziliundwa kwa lugha isiyofanana na yao hata kidogo. Mtoto wa mkulima asingeweza kuzijifunza hata kwa ndoto. Mwaka 1443 Sejong akakamilisha herufi mpya, na 1446 akazitangaza: herufi 28, ambazo leo zinatumika 24. Herufi ya "n" imechorwa kama ulimi unavyogusa ufizi. Ya "m" ni kiboksi, ndiyo mdomo. Irabu zimetokana na vitu vitatu: mbingu, ardhi na mtu aliyesimama. Wasomi waliokiandika kitabu cha maelezo walijigamba kwamba mwerevu atazijua kabla asubuhi haijaisha, na mjinga kwa siku kumi. Mimi nilitumia siku tatu ndani ya treni, nikisoma majina ya vituo kwa sauti ya chini. Nijipange wapi, amua mwenyewe msomaji.

Usidhani wenye elimu walishangilia. Mwaka 1444 mwanachuoni mkubwa wa ikulu, Choe Malli, alimwandikia mfalme kupinga. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kuachana na maandishi ya Wachina na kuwa na yako mwenyewe ni kujishusha kwenye kundi la washenzi. Kwa mamia ya miaka herufi zile zikadharauliwa, zikaitwa maandishi ya kihuni, ya wanawake na watu wa chini. Na hao wanawake na watu wa chini ndio waliozitunza. Waliandikiana barua, wakaandika hadithi, wakaandika mapishi. Serikali ilikuja kuzikubali katika nyaraka zake mwaka 1894, miaka 450 baada ya barua ya Choe Malli.

Nilisimama pale mbele ya sanamu nikamfikiria yule mhariri wangu. Hoja ya Choe Malli naye ilikuwa ya kufika mbali.

Kisa cha pili kiko palepale Stesheni ya Seoul niliposhukia. Jengo la zamani, la matofali mekundu na kuba juu, lililojengwa mwaka 1925, bado lipo ubavuni mwa stesheni mpya. Siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Kuanzia 1938 Kikorea kikasukumwa nje ya shule, na watoto waliokisema darasani wakaadhibiwa. Mwaka 1940 watu wakashurutishwa kuchukua majina ya Kijapani. Katika hali hiyo kulikuwa na chama kidogo cha walimu na waandishi waliokuwa wanakusanya maneno ya Kikorea kwa ajili ya kamusi, kazi waliyoianza mwaka 1929. Mwaka 1942 wakakamatwa. Wawili kati yao wakafia gerezani. Mswada wa kamusi, maelfu ya karatasi za kuandikwa kwa mkono, ukachukuliwa kuwa ushahidi wa kosa.

Vita vikaisha. Septemba 1945 mzigo mmoja ukakutwa umetelekezwa kwenye ghala la stesheni ile. Kuufungua, ni kamusi. Juzuu ya kwanza ikachapwa mwaka 1947.

Nilirudi stesheni makusudi nikalitazama lile jengo. Watu wanapita na mabegi yao, wanawahi treni za Busan. Mimi nikakumbuka kibao. Wengi wenu mnakijua. Shule ya sekondari niliyosoma, ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Hakuna mkoloni aliyekuwepo pale. Mwalimu alikuwa wa kwetu, kibao kilichongwa na fundi wa kwetu, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunakamatana.

Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni hufundisha Kiswahili. Mshikaji wangu anamfahamu dada mmoja anayekisoma pale, tukakutana mkahawani. Akaja, akainama, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko. "Habari za leo. Samahani, una umri gani?" Nikamwambia. Akahesabu. "Mimi nina ishirini na mbili. Basi shikamoo, kaka."

Nilicheka mpaka macho yakatoa machozi, naye akaniuliza kwa wasiwasi kama amekosea. Nikamwambia kwa tofauti ya miaka mitano watu wengi hawapeani shikamoo, mambo vipi inatosha. Akatoa daftari. "Kwa hiyo shikamoo inaanzia miaka mingapi?" Hapo akanikamata. Kumi? Lakini shangazi akiwa mdogo kuliko wewe bado unampa. Mwalimu kijana unampa. Muuza mkaa mwenye mvi unampa, na bosi wako wa miaka thelathini pengine unajikausha. Nikamwambia sisi hatuhesabu, tunaangalia. Akaandika neno zima: tunaangalia. Akasema kwao ingekuwa vigumu sana.

Halafu tukaingia kwenye vitabu. Alikuwa ameshasoma Shaaban Robert. Alikuwa ameisoma *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, na alikuwa na maswali juu yake kuliko mimi niliyeisoma chini ya dawati. Nikamjibu nilivyoweza. Kisha akauliza taratibu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Na nyinyi? Watu wa umri wako wanaandika nini?"

Nilimtajia majina machache. Akaandika. Akauliza vitabu vyao vinapatikana wapi. Nikasema kimoja kwa mtu fulani pale Kariakoo, kingine mwandishi mwenyewe anauza mkononi, kingine kilichapwa nakala mia tatu zikaisha. Akaacha kuandika.

Yeye alinisimulia ya kwao. Tarehe 10 Oktoba 2024, siku moja tu baada ya sikukuu ya herufi zao, ilitangazwa kwamba Han Kang ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Watu wakapanga foleni kwenye maduka ya vitabu, na ndani ya siku chache zikauzwa nakala zaidi ya milioni moja. Mwanamke yule anaandika Kikorea. Kitabu chake cha *The Vegetarian* kilitoka kwao mwaka 2007, na Kiingereza kikaja kukifuata miaka minane baadaye, kupitia kwa Mwingereza aliyekaa chini akajifunza Kikorea ukubwani.

Nikamwambia nasi tunayo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliipata mwaka 2021. Akasema anajua. "Lakini anaandika kwa Kiingereza," akasema, si kwa kubeza. Ni kweli, na simlaumu mzee wetu. Aliondoka kijana kwa shari, maisha yake yakawa kule. Riwaya yake ya *Paradise*, ya mwaka 1994, imekuja kutoka kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa *Peponi*, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Miaka ishirini na minane kitabu kinazunguka dunia kabla hakijafika kwao na kuongea lugha ya kwao.

Nikamuuliza kama basi Wakorea hawababaikii Kiingereza. Akacheka sana. Tangu yuko shule ya msingi alikuwa anapelekwa masomo ya ziada ya Kiingereza hadi usiku, na wazazi wake wanalipa. Katika mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo kikuu, kila Novemba, wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege huzuiwa kupaa na kutua kwa kama dakika 35 nchi nzima, ili mtahiniwa asije akakosa neno. Kiingereza wanakitaka kwa udi na uvumba. "Lakini hicho ni cha kazi," akaniambia. "Mama yangu akifa, sitalia kwa Kiingereza."

Sikuwa na la kuongeza. Usiku ule, nyumbani kwa mshikaji, nilitoa lile daftari jipya nikaandika ukurasa wa arobaini na moja. Kwa Kiswahili. Sasa niko ukurasa wa mia na ishirini, na mchapaji bado sina. Mhariri wangu huenda akawa sahihi kwamba haitafika mbali. Ila nimeona kwa macho yangu kwamba mbali nako kuna watu waliokaa wanaisubiri, wamejifunza ngeli zote kumi na kitu, wana daftari na kalamu.

Sasa nina deni, na nalileta kwenu. Yule dada nilimwahidi orodha ya vitabu vya Kiswahili vya waandishi vijana, riwaya, hadithi fupi au mashairi, pamoja na mahali vinapopatikana. Nilipoketi kuiandika ikaishia namba saba. Najua mko wengi kuliko hapo. Wengine mna miswada chini ya godoro. Mwenye kitabu aniandikie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili, ataje jina la kitabu, mwaka na bei. Hata kama ni nakala mia tatu. Namba nane iko wazi.